Mtakatifu Teresa wa Avila, Mwalimu Wetu wa Sala ya Kimya



Wapendwa wanakwaya na waumini wote, kwaya inapofikia jubilei huhesabu mengi. Huhesabu nyimbo ilizoimba, harusi ilizosindikiza, misiba iliyofariji, safari, sare, na majina ya wenzetu waliotangulia mbele ya haki. Kwa yote hayo tunamshukuru Mungu. Katika kurasa hizi tunaomba tukumbuke pia kitu kisichosikika, nacho ni kimya. Kila wimbo huanza katika kimya, kabla mwalimu hajainua mkono, na kila wimbo huishia katika kimya. Mwimbaji ambaye hajazoea kukaa na Mungu katika kimya hicho atachoka siku moja, hata kama sauti yake ni nzuri.

Ndiyo sababu tumechagua kusimulia maisha ya Mtakatifu Teresa wa Avila. Msimamizi wa wanamuziki ni Mtakatifu Sesilia, naye tunamkumbuka kila tarehe 22 Novemba. Teresa hakuwa mwimbaji hodari, kama tutakavyoona. Lakini Kanisa linamheshimu kama mwalimu wa sala, na hasa ile sala ya faragha ambayo mtu hukaa na Mungu bila maneno mengi. Tusimchanganye na Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, yule Mfaransa wa Lisieux aliyefariki mwaka 1897, wala na Mama Teresa wa Kolkata aliyefariki mwaka 1997. Huyu wetu aliishi miaka mingi kabla yao. Ni kama nyanya yao katika imani.

Utoto wake

Teresa alizaliwa tarehe 28 Machi 1515 katika eneo la Avila, mji wa Uhispania ulio juu ya mlima na uliozungukwa na ukuta mkubwa wa mawe ambao mpaka leo haujaanguka. Baba yake aliitwa Alonso Sánchez de Cepeda na mama yake Beatriz de Ahumada. Mzee Alonso alikuwa amefiwa na mke wa kwanza, na watoto wa nyumba zote mbili walikuwa 12. Babu yake Teresa upande wa baba alikuwa Myahudi aliyebatizwa, mfanyabiashara wa mji wa Toledo, naye mwaka 1485 aliadhibiwa hadharani na mahakama ya kuchunguza imani. Katika Uhispania ya siku hizo jambo la ukoo lilikuwa zito. Watu waliulizana damu na asili, na heshima ya mtu ilipimwa kwa majibu hayo. Teresa alipokuja kuwa mama wa watawa, hakutaka mambo ya ukoo na vyeo yaingie katika nyumba zake.

Alikuwa mtoto mchangamfu, mwenye maneno, anayependwa na kila mtu. Akiwa na umri wa miaka 7 hivi alisoma maisha ya watakatifu pamoja na kaka yake Rodrigo, wakaona kwamba mashahidi wa imani walifika mbinguni kwa njia ya mkato. Basi watoto hao wawili wakatoroka nyumbani kwenda nchi ya Wamori ili wakauawe kwa ajili ya Kristo. Hawakufika mbali. Baba yao mdogo aliwakuta nje ya mji akawarudisha kwa mama yao, ambaye alikuwa amejaa hofu.

Mama huyo alifariki Teresa akiwa bado msichana mdogo. Katika huzuni yake alikwenda mbele ya sanamu ya Bikira Maria, akalia, akamwomba awe mama yake kuanzia siku ile. Wengi wetu tuliofiwa na wazazi tunaelewa sala ya namna hiyo. Haina ufundi wowote. Ni mtoto anayemwambia Mbingu jinsi moyo wake ulivyo.

Alipokua alipenda mavazi, manukato na vitabu vya hadithi za mashujaa wa farasi. Baba yake aliona heri ampeleke akalelewe kwa masista Waagostino palepale Avila. Huko moyo wake ulianza kugeuka polepole, na wazo la utawa likaingia, ingawa mwanzoni hakulitaka hata kidogo. Mwishowe aliamua. Mzee Alonso hakukubali. Alitaka binti yake abaki naye mpaka atakapofumba macho. Mwezi Novemba 1535, akiwa na miaka 20, Teresa aliondoka nyumbani alfajiri akaenda Monasteri ya Umwilisho ya watawa Wakarmeli. Alimpenda sana baba yake, na alisimulia baadaye kwamba siku ile alisikia maumivu kana kwamba mifupa yake yote inaachana.

Ugonjwa na kitabu kidogo

Hakumaliza miaka mingi utawani kabla hajaugua vibaya. Baba yake alimtoa ili akatibiwe kwa mganga mwanamke katika kijiji cha Becedas. Njiani walipita kwa ndugu wa baba yake aliyeitwa Pedro, na mzee huyo akampa kitabu cha Padre Francisco de Osuna, Mfransisko, kilichofundisha jinsi ya kuzikusanya fikra na kukaa na Mungu ndani ya moyo. Kitabu hicho kilibadilisha maisha yake. Teresa alianza kutenga muda kila siku kukaa peke yake na Bwana.

Matibabu nusura yamwue. Alinyweshwa dawa kali kwa muda mrefu mpaka mwili ukaisha. Mwezi Agosti 1539, baada ya sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, alizimia akakaa karibu siku 4 bila fahamu. Monasterini kaburi lilichimbwa likamngojea. Macho yake yalikuwa tayari yametiwa nta kama ilivyokuwa desturi kwa maiti. Baba yake peke yake ndiye aliyekataa azikwe. Teresa alizinduka, lakini mwili ulikuwa umepooza. Ilipita karibu miaka 3 kabla hajaweza kutembea tena, na siku alipoweza kutambaa kwa mikono na magoti alimshukuru Mungu kama mtu aliyepewa mali. Uponyaji wake aliuhesabu kuwa maombezi ya Mtakatifu Yosefu, na tangu hapo alimpenda mtakatifu huyo mpaka mwisho.

Alipoacha kusali

Sasa tunafika mahali ambapo maisha ya Teresa yanatugusa zaidi. Mtu angedhani kwamba aliyetoka kaburini namna ile angesali bila kukoma. Haikuwa hivyo. Monasteri ya Umwilisho ilikuwa na watawa wengi sana, na wageni waliingia na kutoka. Teresa alikuwa na mazungumzo matamu, na watu wa mji walipenda kuja kuongea naye sebuleni. Siku zikajaa maongezi. Kidogo kidogo akaona aibu kukaa faraghani na Mungu huku moyo wake uko kwingine. Akajiambia kwamba mtu kama yeye hastahili sala ya namna hiyo, heri asali tu zile sala za kawaida pamoja na wenzake. Akaacha. Muda wa mwaka mzima na zaidi hakusali sala ya moyoni.

Jambo la kusikitisha ni kwamba wakati huohuo alikuwa amemfundisha baba yake kusali hivyo, na mzee alikuwa ameshika njia ile kwa furaha. Alipokuja kumtembelea ili wazungumze mambo ya Mungu, Teresa alimwambia kwamba yeye ameacha, akataja afya yake kuwa sababu. Mzee aliamini, akamwonea huruma. Baadaye Teresa alisema wazi kwamba afya haikuwa sababu, kwa kuwa hata mgonjwa kitandani anaweza kumpenda Mungu. Tena alitamka kwamba kuacha sala kwa kisingizio cha unyenyekevu lilikuwa jaribu baya kuliko yote aliyowahi kupata. Mgonjwa anayejiona mchafu mno kwenda kwa daktari atapona wapi?

Mwaka 1543 Mzee Alonso aliugua. Teresa alitoka monasterini kwenda kumuuguza, ingawa yeye mwenyewe hakuwa mzima. Baba yake alifariki akisali Nasadiki kwa kinywa chake mwenyewe. Alifika katikati, akakata roho. Muungamishi wa marehemu alikuwa padre Mdominiko. Teresa alikwenda kwake, akamfungulia moyo, na padre huyo akamshauri arudie sala na asiiache tena kwa sababu yoyote. Alirudi, na hakuiacha tena mpaka kufa.

Miaka ya ukame

Tungependa kuandika kwamba aliporudi alikuta faraja inamngoja mlangoni. Ukweli ni kwamba alipitia miaka mingi ya ukame. Muda wa karibu miaka 20, tangu alipokuwa kijana, alivutwa huku na Mungu na huku na mambo ya dunia, asipate raha kamili upande wowote. Mara nyingi alipoingia mahali pa sala huzuni ilimkumba, na saa nzima alikuwa anasikilizia tu kengele ya saa ilie ili atoke. Alisema angekubali adhabu ngumu kuliko kuingia mle kukusanya mawazo yake.

Lakini aliingia. Na hapa ndipo siri yake ilipo. Aligundua kwamba siku alizojilazimisha kabisa kuingia, mara nyingi alitoka na utulivu na furaha kuliko siku alizoingia akiwa na hamu. Faraja haikufuata hisia zake za mwanzo. Ilimfuata kwa sababu alikuwepo.

Alijua pia udhaifu wa akili yake, akautafutia msaada. Mawazo yake yalitangatanga, na hakuwa na kipaji cha kujichorea picha kichwani. Kwa hiyo muda wa miaka 18 hakuthubutu kuanza sala ya kimya bila kitabu mkononi, isipokuwa baada ya kupokea Komunyo Takatifu. Mara nyingine kukifungua tu kulitosha. Mara nyingine alitazama shamba, maji au maua, na moyo ukatulia. Alipenda picha za Bwana wetu. Na kila usiku, tangu kabla ya kuwa mtawa, alikuwa na desturi ya kumkumbuka Yesu katika bustani ya Getsemane kabla ya kulala, akikaa karibu naye katika upweke wake.

Mwaka 1554, akiwa na umri wa miaka 39, alipita mahali palipowekwa sanamu ya Yesu mwenye majeraha. Aliitazama, na safari hii moyo wake ukapasuka. Alianguka chini akilia, akamwomba Bwana amtie nguvu moja kwa moja. Siku zilezile alisoma maungamo ya Mtakatifu Agostino, akajiona mwenyewe katika kila ukurasa. Kuanzia hapo maisha yake yalibadilika. Mungu alianza kumjalia neema kubwa katika sala, mpaka mapadre wengine wakashuku kwamba anadanganywa na shetani. Alipata hofu na mateso mengi. Watakatifu wawili waliokuwa hai siku hizo, Fransisko Borgia na Petro wa Alcántara, walimsikiliza na kumpa moyo.

Bustani na maji

Mapadre wake walimwamuru aandike mambo ya sala yake. Aliandika kwa utii, usiku, kati ya kazi nyingine, akitumia lugha ya nyumbani ambayo kila mtu aliielewa. Katika kitabu cha Maisha yake alieleza sala kwa mfano wa bustani, nasi watu wa Kenya tunaweza kuufahamu haraka kuliko wengi.

Alisema moyo ni bustani, na Bwana hupenda kuja kuburudika humo. Kazi yetu ni kuimwagilia maji. Kuna namna 4. Ya kwanza ni kuteka maji kisimani kwa ndoo. Mikono inauma, na pengine ndoo inatoka tupu. Hiyo ndiyo sala ya wanaoanza, yenye jasho jingi. Ya pili ni gurudumu lenye vyombo linalopandisha maji; kazi inapungua na maji yanaongezeka. Hiyo aliiita sala ya utulivu, ambapo moyo unaanza kutua mbele za Mungu bila kuvutwa kwa nguvu. Ya tatu ni mto au kijito kinachopita shambani chenyewe. Ya nne ni mvua, ambapo mkulima hafanyi chochote ila kupokea.

Yeyote aliyewahi kubeba mtungi kutoka mtoni wakati wa kiangazi anajua tofauti ya ndoo na mvua. Lakini Teresa hakuwadharau wenye ndoo. Aliwafundisha kwamba kisima kikikauka kabisa, Bwana anaweza kuotesha maua bila maji, mradi mkulima asiondoke bustanini. Mvua ni ya Mungu, huileta apendapo. Ndoo ni yetu.

Aliongeza kwamba sala hii haiko mbali na sala za kawaida. Alimfahamu mtawa mmoja mzee ambaye hakuweza kusali ila kwa kutamka, na alilalamika kwamba hajui sala ya moyoni. Teresa alipomhoji aligundua kwamba mama yule, kwa kusema Baba Yetu polepole na kwa upendo, alikuwa amefika mbali kabisa. Nani kati yetu asiyeijua Baba Yetu?

Teresa katika kwaya

Sasa tuje kwetu wanakwaya. Watawa wa Umwilisho walikusanyika kila siku kuimba sala za Kanisa, na Teresa alikuwa miongoni mwao. Katika maandishi yake alikiri kwamba hakuimba vizuri wala hakuzijua vyema taratibu za kitabu cha sala. Alipopewa sehemu ya kuimba ambayo hakuwa ameisoma vizuri, alifadhaika sana. Akajichunguza, akaona kwamba hakuogopa kumkosea Bwana. Aliogopa masikio ya waliokuwa wakimsikiliza. Na hofu hiyo ilimfanya aimbe vibaya kuliko uwezo wake.

Akafanya uamuzi. Pale asipojua, alisema hajui. Aliwauliza hata wasichana wadogo wamfundishe. Mwanzoni ilimuuma, kisha akazoea. Na alipoacha kujali sifa, alijikuta anaimba vizuri zaidi kuliko zamani. Kila aliyewahi kusimama kuimba peke yake mbele ya kanisa lililojaa anajua jambo hili ni la kweli.

Kulikuwa na jambo jingine dogo alilolifanya kwa siri. Wenzake walipotoka mahali pa kuimbia, Teresa alibaki akakunja majoho yao waliyoyaacha. Alijiona kama anawahudumia malaika waliokuwa wakimsifu Mungu mahali pale. Hakuwa na sauti ya kuwazidi, basi akatumikia mavazi yao. Katika kila kwaya wapo watu wa namna hiyo: anayefika mapema kupanga viti, anayepiga pasi sare, anayebaki kukusanya vitabu. Wasidhani kazi yao ni ndogo.

Nyumba ndogo na safari kubwa

Tarehe 24 Agosti 1562 Teresa alifungua monasteri ndogo ya Mtakatifu Yosefu pale Avila, ikiwa na wanovisi 4 tu. Alitaka nyumba yenye masista wachache, maskini, wanaojuana na kupendana kama ndugu, ambao kazi yao kuu ni sala. Mji ulichafuka. Baraza la mji lilitaka nyumba ifungwe, kesi ikafunguliwa, na Teresa mwenyewe akaitwa arudi Umwilisho kujieleza. Nyumba haikufungwa.

Huko alipanga saa mbili za sala ya kimya kila siku, moja asubuhi na moja jioni. Kati ya hizo kulikuwa na Misa, sala za Kanisa, kazi za mikono na jikoni. Kuhusu uimbaji aliagiza kwamba usiwe wa madaha. Masista waimbe kwa sauti zilizo sawa, asisikike mmoja juu ya wengine. Na hakutaka watawa wenye nyuso za huzuni. Aliweka muda wa mapumziko ambapo walicheka na kuongea huku wakisokota nyuzi, na wakati wa Noeli aliwatungia nyimbo, nao wakaimba kwa matari na ngoma ndogo. Inasimuliwa kwamba masista walipovaa nguo za sufu nzito wakaogopa zitaleta chawa, walifanya maandamano na msalaba wakiimba kumwomba Mungu awaepushe, na Teresa akawatungia beti za kuitikia. Saa za kimya hazikuwafanya wawe wakavu. Zilikuwa chemchemi ya kicheko chao.

Tangu mwaka 1567 Mkuu wa Shirika alimruhusu afungue nyumba nyingine. Akiwa na zaidi ya miaka 50 na mwili wenye maradhi, alianza safari ndefu katika magari yaliyofunikwa yanayovutwa na nyumbu, katika jua kali na theluji, mito iliyofurika na nyumba za wageni zilizojaa kunguni. Hata barabarani kengele ndogo ilipigwa na muda wa kimya ukashikwa. Aliwafundisha masista kwamba wakipangiwa jikoni wasihuzunike, kwa kuwa Bwana yuko hata kati ya sufuria. Kwa jumla alianzisha monasteri 17. Akiwa Medina del Campo alikutana na padre kijana mfupi wa kimo, Yohane wa Msalaba, ambaye alimsaidia kueneza marekebisho hayo kwa upande wa wanaume, na nyumba yao ya kwanza ilifunguliwa Duruelo mwaka 1568.

Mwaka 1571 alirudishwa Umwilisho awe mama mkuu. Watawa wengi hawakumtaka, na siku ya kuingia palikuwa na kelele. Teresa hakukaa kwenye kiti cha mkuu. Aliweka juu yake sanamu ya Bikira Maria, na yeye akaketi chini yake. Mioyo ikapoa.

Mateso hayakuisha. Kitabu chake cha Maisha kilishtakiwa kwenye mahakama ya kuchunguza imani. Balozi wa Papa alimwona mwanamke mtukutu asiyetulia. Desemba 1577 Yohane wa Msalaba alikamatwa na wenzake wa shirika waliopinga marekebisho, akafungwa Toledo miezi mingi katika chumba kidogo. Mkesha wa Noeli wa mwaka huo Teresa alianguka ngazini akavunjika mkono wa kushoto, na mkono huo haukupona vizuri tena. Na ni mwaka huohuo wa misukosuko, kati ya Juni na Novemba, alipoandika kitabu chake kikubwa kuhusu moyo kama ngome yenye vyumba vingi, ambayo Mfalme anakaa katika chumba cha ndani kabisa. Nje kulikuwa na dhoruba. Ndani kulikuwa na nyumba.

Mwisho wake

Mwaka 1582, akiwa na miaka 67, alifungua nyumba ya mwisho huko Burgos baada ya taabu nyingi. Alitamani kurudi kwake Avila, lakini aliagizwa apitie Alba de Tormes. Alifika akiwa amechoka kabisa, akalala kitandani na hakuinuka tena. Alifurahi kufa akiwa binti wa Kanisa, na alilitamka hilo mara nyingi. Alifariki usiku wa tarehe 4 Oktoba 1582. Usiku uleule kalenda mpya ya Papa Gregori wa 13 ilianza kutumika, siku 10 zikarukwa, na kesho yake ikawa tarehe 15 Oktoba. Ndiyo maana sikukuu yake huadhimishwa tarehe 15 Oktoba.

Alitangazwa mtakatifu tarehe 12 Machi 1622, siku moja na Mtakatifu Inyasi wa Loyola na Mtakatifu Fransisko Ksaveri. Tarehe 27 Septemba 1970 Papa Paulo wa 6 alimtangaza Mwalimu wa Kanisa, mwanamke wa kwanza kabisa kupewa heshima hiyo. Watoto wake wa kiroho wameenea duniani, na hata hapa Nairobi wako watawa wa Karmeli wanaosali kimya kimya kwa ajili yetu sote.

Tunachokichukua katika jubilei yetu

Wapendwa, miongoni mwetu leo kuna anayeimba kwa furaha na kuna anayeimba huku ana msiba moyoni. Kuna aliyekosa kazi, aliye na mgonjwa nyumbani, aliyeacha kusali kwa sababu anaona hastahili. Teresa anatuambia sote kitu kimoja: rudi, ukae. Tutenge muda wetu, hata dakika 15, alfajiri kabla nyumba haijaamka, au mbele ya Sakramenti Takatifu kabla ya mazoezi. Tushike kitabu kama mawazo yanatangatanga. Tuseme Baba Yetu moja polepole. Kukiwa kukavu, tuteke kwa ndoo na tusiondoke bustanini. Faraja itakuja kwa saa yake, na ikija tutaitambua, kwa kuwa itatufanya wapole zaidi kwa wenzetu na wenye furaha zaidi katika kazi zetu.

Kisha tusimame tuimbe. Waumini hawataona zile dakika 15, lakini watazisikia.

Mtakatifu Teresa wa Avila, utuombee.
Mtakatifu Sesilia, utuombee.